Kesi za nidhamu zimepungua shuleni: mpango wa tabia njema umefanya kazi, au walimu wameacha kuandika?

Mleta mada

Wanajukwaa, salaam.

Uzi huu ni kwa walimu, wakuu wa shule, wanasihi, wajumbe wa kamati za shule na wazazi ambao shule zao zimeanzisha mpango wa kukuza tabia njema. Nazungumzia ule mpango ambao shule nzima inakubaliana juu ya matarajio machache, inayafundisha kama inavyofundisha somo lolote, inampongeza mtoto anapoyatimiza, na inamsaidia kwa karibu anayeshindwa badala ya kumwadhibu na kumwacha alivyo. Ukipita mwaka mmoja au miwili, swali huja lenyewe: je, umesaidia? Jibu linalotolewa kwenye vikao vingi ni lilelile. Kesi zilikuwa nyingi, sasa ni chache, kwa hiyo umesaidia.

Jibu hilo halitoshi, na mara nyingine linapotosha. Kesi zikipungua kwenye daftari la nidhamu, hiyo ni habari ya daftari. Ili iwe habari ya watoto, kuna mambo mawili ya kuyajua kwanza: kama mpango ulitekelezwa kweli, na kama uandikaji wa kesi ulibaki vilevile muda wote. Asiyejua hayo mawili hawezi kusema mpango umefaulu, na hawezi kusema umeshindwa.

Kwa wasioufahamu, mfumo huu kwa kifupi huitwa PBIS (Positive Behavioral Interventions and Supports, yaani mbinu na misaada chanya ya tabia). Chimbuko lake ni Marekani miaka ya 1980, kwa watafiti waliokuwa wakihudumia watu wenye ulemavu wa akili na usonji na ambao hawakukubali tena maumivu na udhalilishaji vitumike kama tiba. Mwaka 1997 sheria ya nchi hiyo inayohusu elimu ya watoto wenye ulemavu ilirekebishwa, ikataka shule zifikirie mbinu chanya pale tabia ya mtoto inapomzuia yeye au wenzake kujifunza. George Sugai, Rob Horner na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oregon walikuwa miongoni mwa walioitoa kazi hiyo kwa mtoto mmoja mmoja na kuipeleka kwa shule nzima. Mpangilio wake waliuchukua kwenye afya ya jamii: ngazi ya kwanza ni kinga kwa wote, ya pili ni msaada kwa walioanza kuonyesha dalili, ya tatu ni huduma ya kina kwa wachache.

Nianze na utekelezaji, maana hapo ndipo tathmini nyingi zinapokosea njia. Shule inaweza kuwa na bango la matarajio kila ukuta, kamati iliyoteuliwa kwa barua na faili nene la kumbukumbu za vikao, na bado mtoto wa darasa la tatu akawa hajawahi kufundishwa maana ya "kuheshimu" anapokuwa kwenye foleni ya chakula. Hapo mpango haujashindwa, kwa sababu haujaanza.

Vyombo vya kupima utekelezaji vipo, na vimejaribiwa. Mwaka 2004 Horner na wenzake walichapisha kimoja kiitwacho SET (School-wide Evaluation Tool, yaani chombo cha kutathmini shule nzima). Mtu huja shuleni, anapitia nyaraka, anatembea kwenye korido na viwanja, anawahoji walimu na wanafunzi. Kina vipengele 28 katika maeneo 7, na kigezo chake nakipenda sana: shule inatakiwa ipate asilimia 80 kwa jumla, na pia asilimia 80 kwenye eneo la kufundisha matarajio peke yake. Maana yake nyaraka nzuri haziwezi kufidia watoto ambao hawajafundishwa. Siku hizi shule nyingi hutumia TFI (Tiered Fidelity Inventory, orodha ya kupima kama kila ngazi inatekelezwa ipasavyo), iliyotoka mwaka 2014. Toleo lake la 2.1 lina vipengele 45: 15 vya ngazi ya kwanza, 13 vya ngazi ya pili na 17 vya ngazi ya tatu. Kila kipengele hupewa 0, 1 au 2, na shule inayofikisha asilimia 70 kwenye ngazi husika ndiyo huhesabiwa kuwa inatekeleza ngazi hiyo.

Hata kama shule yako haitatumia chombo chochote kati ya hivi, naomba mchukue sehemu moja tu: kutembea na kuuliza. Mtu asiye mjumbe wa kamati achague wanafunzi bila kupendelea, awaulize matarajio ya shule ni yapi na kama kuna mtu mzima aliyewapongeza kwa kuyatimiza hivi karibuni. Awaulize walimu kama waliyafundisha mwaka huu, na ni makosa gani wanayamaliza darasani na yapi wanayapeleka ofisini. Kamati ikijipima yenyewe peke yake, huwa inapima ilichokusudia. Mtoto aliyekutwa koridoni anakwambia kilichomfikia.

Karibuni. Nitarudi kwenye takwimu baadaye.

Chaki Nyeupe

Mkuu, umegusa penyewe. Nafundisha shule ambayo mwanzoni mwa mwaka tuliambiwa kwenye kikao kwamba lengo ni kesi zipungue kwa nusu. Hakuna aliyetuambia tusiandike. Lakini mwalimu aliyepeleka kesi nyingi alikuwa anaulizwa kama ana uwezo wa kulimudu darasa. Kufikia muhula wa pili kila mtu alikuwa anamalizana na mambo yake kimyakimya. Mtoto anatolewa nje, anasimama mlangoni kipindi kizima, hakuna mahali imeandikwa. Mwisho wa mwaka tukapongezwa.

Sasa mtathmini atalijuaje hilo kama anaangalia daftari tu?

Mleta mada

Ahsante, Mwalimu. Ulichokieleza kinafahamika vizuri. Mwanasayansi wa jamii Donald Campbell aliandika katika miaka ya 1970 kwamba kadiri kipimo kimoja cha namba kinavyotumika kufanyia maamuzi, ndivyo kinavyozidi kushawishiwa na kuharibika, na ndivyo kinavyoharibu hata kazi kilichowekwa kuipima. Shule ikifanya idadi ya kesi kuwa kipimo cha ubora wa mwalimu, imeliharibu daftari siku hiyohiyo.

Namna ya kulijua ni kulilinganisha daftari na vyanzo visivyopita kwenye mikono ileile. Angalia rejista ya mahudhurio, hasa watoro wa vipindi. Angalia kumbukumbu za huduma ya kwanza: kama majeraha ya uwanjani yamebaki palepale huku kesi za kupigana zimeisha, kuna kitu hakiandikwi. Waulize wanafunzi kwa dodoso lisilo na majina kama wanajisikia salama, wapi hawajisikii salama, na kama walitolewa darasani wiki iliyopita. Swali hilo la kutolewa darasani lazima liwepo, kwa sababu mtoto aliyesimama mlangoni amekosa kipindi sawasawa na aliyepelekwa ofisini.

Kisha gawa kesi kwa mwalimu aliyeziandika, bila kutaja jina mbele ya kikao. Ukikuta walimu kadhaa waliokuwa wanaandika mara kwa mara wameacha kabisa ndani ya mwezi mmoja, huku wengine hawajabadilika, huo si mwenendo wa watoto. Tabia za watoto hazibadiliki kwa kufuata mipaka ya walimu.

Kuna jambo jingine linaloharibu daftari hata pasipo shinikizo lolote: makosa yasiyo na tafsiri ya pamoja. "Kuvunja dirisha" kila mtu atalihesabu sawa. "Dharau" je? Mmoja ataandika dharau mtoto akinyamaza anapoulizwa, mwingine hataandika mpaka atukanwe. Mwaka 2002 Russell Skiba na wenzake walichapisha utafiti wa rekodi za nidhamu za mji mmoja wa Marekani. Wanafunzi weupe walikuwa wakipelekwa ofisini zaidi kwa makosa yanayoonekana wazi, kama kuvuta sigara na kuharibu mali. Weusi walipelekwa zaidi kwa makosa yanayotegemea hukumu ya mwalimu, kama kukosa heshima na kelele. Kila jamii ina makundi yake ambayo watu wazima huyahukumu haraka kuliko mengine, kwa hiyo somo hilo halina mpaka.

Kazi ya kufanya kabla ya kuhesabu chochote ni hii: andikeni mifano mifupi ya matukio, kila mwalimu asome peke yake na aseme angeandika nini na angempeleka nani, kisha mlinganishe. Kama hamkubaliani kwenye sehemu kubwa ya mifano, acheni takwimu kwanza mrudi kwenye tafsiri. Kikao hicho kimoja hufaa kuliko grafu za muhula mzima.

Hesabu Safi

Naunga mkono. Ila naomba kuuliza upande wa namba. Shule yetu inaongeza wanafunzi kila mwaka na miezi haina siku sawa za masomo. Mkuu wetu analinganisha jumla ya mwaka huu na ya mwaka jana. Nahisi si sawa lakini sijui nimweleze vipi.

Mleta mada

Mweleze kwa mfano. Nautunga hapa ili hesabu ionekane.

Shule ina wanafunzi 600. Mwezi fulani una siku 22 za masomo na kesi 66. Hizo ni kesi 3 kwa siku, na kwa kila wanafunzi 100 ni kesi 0.5 kwa siku. Mwaka unaofuata, mwezi uleule, wanafunzi ni 750, siku za masomo 20, kesi ni zilezile 66. Hizo ni 3.3 kwa siku, lakini kwa wanafunzi 100 ni 0.44. Anayetazama jumla atasema hakuna kilichobadilika. Anayetazama wastani wa siku bila idadi ya wanafunzi atasema hali imekuwa mbaya. Kumbe kiwango kimeshuka kwa asilimia 12. Kesi kwa siku ya masomo kwa kila wanafunzi 100 ndicho kipimo cha kukishika, na ulinganishe mwezi na mwezi uleule wa mwaka mwingine, kwa sababu wiki za mwanzo wa muhula na wiki za mitihani zina tabia zake.

Hatua ya pili ni kuuliza kesi zimelundikana wapi. Mifumo ya kumbukumbu iliyojengwa kwa ajili ya kazi hii hutoa kwanza picha tano: wastani wa kesi kwa siku kila mwezi, aina ya kosa, mahali, saa, na mwanafunzi. Huhitaji mfumo wa kununua, daftari lenye safu zilizonyooka linatosha. Kesi nyingi zikitokea kwenye ngazi, dakika kumi baada ya kengele ya mapumziko, tatizo hilo hutatuliwa kwa kubadilisha usimamizi wa ngazi, pengine hata kwa kubadilisha ratiba. Kuwahutubia watoto mstarini hakutasaidia.

Hatua ya tatu ni mgawanyo. Katika shule ambayo ngazi ya kwanza imekaa vizuri, hutarajiwa kwamba takriban asilimia 80 ya wanafunzi au zaidi hawana kesi au wana moja tu kwa mwaka, kundi dogo lina kesi 2 hadi 5, na wachache sana wana 6 au zaidi. Kama nusu ya shule ina kesi mbili na kuendelea, usihangaike kutafuta watoto watundu. Ngazi ya kwanza haijasimama. Kama karibu wote hawana kesi lakini watoto kumi wamebeba daftari lote, kuongeza mabango na pongezi za jumla hakutawafikia. Wanahitaji kitu kingine.

Watu huuliza pia kama kuna ushahidi kuwa mpango wenyewe unafanya kazi popote, maana shule moja kujilinganisha na mwaka wake wa jana haithibitishi sababu. Upo. Katika jimbo la Maryland, Catherine Bradshaw na wenzake walichukua shule za msingi 37, wakagawa kwa bahati nasibu 21 zitekeleze na 16 ziwe za kulinganisha, wakazifuatilia kwa miaka mitano. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kupungua kwa wanafunzi wanaosimamishwa masomo na wanaopelekwa ofisini katika shule zilizotekeleza. Kwenye alama za mitihani ushahidi haukuwa na nguvu hiyo. Kwa hiyo mtu asiwaahidi wazazi kwamba ufaulu utapaa. Zingatieni pia kwamba shule zile zilipimwa utekelezaji wake. Ukitaka kutegemea matokeo ya Maryland kuutetea mpango wa shuleni kwako, lazima uonyeshe kuwa unafanya walichofanya wao.

Mzazi wa Watatu

Mimi si mwalimu, ila haya mambo ya kadi na zawadi yananikera. Mtoto wangu wa katikati ni mtulivu, hana shida na mtu. Muhula mzima hakupata hata kadi moja. Aliyekuwa anapiga wenzake alipata nyingi kwa sababu "ameanza kubadilika". Mwanangu ananiuliza kama na yeye apige mtu kwanza. Halafu si tunawafundisha watoto kutenda mema kwa malipo?

Mleta mada

Mama, hoja zako ni mbili na zote ni nzito. Naomba nizitenganishe.

Ya malipo kwanza. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio la watoto wa shule ya awali waliokuwa wakipenda kuchora. Kundi moja waliahidiwa cheti kama wangechora, kundi la pili walipewa cheti bila kutarajia, kundi la tatu hawakupewa kitu. Baadaye, watoto walipoachwa huru kuchagua cha kufanya, wale walioahidiwa walichora kwa muda mfupi kuliko wengine. Waliopewa bila kuahidiwa hawakupoteza hamu. Kwa hiyo hofu yako ina msingi, na inahusu hasa zawadi ya kitu inayoahidiwa mapema kwa jambo ambalo mtoto tayari analipenda. Haisemi kwamba mtoto anayejifunza jambo gumu kwake hapaswi kutambuliwa. Shule inayotathmini mpango wake iulize: pongezi zetu zinataja alichofanya mtoto, au ni kadi tu inayotupwa mezani? Na kadi zikiondolewa kwa wiki mbili, nini kinabaki? Kama tabia inaanguka mara moja, kilichojengwa ni biashara.

Ya mwanao sasa. Hili linapaswa kuwa kwenye kila tathmini na mara nyingi halimo. Kama shule inagawa kadi au alama, basi ina takwimu za nani anapata. Hesabu wanafunzi ambao hawakupata hata moja kwa mwezi. Kisha tazama ni akina nani: wakimya, wasichana au wavulana, wenye ulemavu, wageni kwenye lugha ya kufundishia, wanaokaa nyuma. Utakuta kundi ambalo daftari la nidhamu haliwajui na daftari la pongezi pia haliwajui. Watoto hao huingia na kutoka shuleni bila mtu mzima yeyote kusema ameona wanachofanya. Mpango unaodai ni wa wote ukiwaacha hao umeshindwa kwenye ngazi ya kwanza, hata kama kesi ni sifuri.

Nakushauri uipeleke hoja hiyo shuleni kama ombi la takwimu, si kama lalamiko la mtoto mmoja. Omba wahesabu. Namba ikitoka, haitahitaji kubishaniwa.

Mlezi wa Kijana

Nami niongeze la upande wa pili. Kijana ninayemlea ana usonji. Katika takwimu za shule yeye ni ile "asilimia ndogo". Kila kikao tunaambiwa shule imeboreka, na ni kweli naiona imeboreka kwa wengine. Kwake yeye bado napigiwa simu nije nimchukue saa nne asubuhi. Simu hizo hazihesabiwi kama kusimamishwa masomo. Zinahesabiwa wapi?

Mleta mada

Hazihesabiwi popote, na ni lazima zihesabiwe. Kila saa ambayo mtoto hayupo darasani kwa sababu ya tabia yake, iwe kaitwa mlezi, kakaa ofisini, au kawekwa chumba cha peke yake, ni kutengwa na masomo. Tathmini yenye haki huweka safu moja tu: dakika zilizopotea. Jina walilolipa tukio halibadilishi dakika hizo.

Nirudi kwenye chimbuko nililolitaja juu, maana mfumo huu ulizaliwa kwa ajili ya watoto kama kijana wako, na inauma kuona wao ndio wanaosahaulika unapokua. Mwaka 1985 Edward Carr na Mark Durand walichapisha kazi waliyofanya na watoto wanne wenye ulemavu wa ukuaji. Waligundua kwamba vurugu zilitokea ama kazi ilipokuwa ngumu mno, ama mtu mzima alipoacha kuwatazama. Hawakuongeza adhabu. Aliyeshindwa kazi walimfundisha kuomba msaada, aliyetaka kutazamwa walimfundisha kuuliza kama anafanya vizuri. Vurugu zikapungua sana. Walipomfundisha mtoto maneno yasiyoendana na sababu yake, hazikupungua hivyo. Ndiyo maana mpango wa ngazi ya tatu ambao haujui mtoto anapata nini au anakwepa nini kwa tabia hiyo ni makisio tu.

Kwa kijana wako, tathmini haiwezi kufanywa kwa wastani wa shule. Inafanywa kwa grafu yake mwenyewe: hali ilivyokuwa kabla ya mpango, mpango ulipoanza, na kila ulipobadilishwa. Kando ya grafu kuwe na alama ya kama watu wazima walifanya walichoahidi siku hiyo. Mara nyingi grafu ikipanda na kushuka, ukitazama alama hizo unakuta inafuata ratiba ya mwalimu fulani aliyekuwepo au hakuwepo. Na kuwe na swali la maisha yake: ana rafiki? anashiriki mchezo gani? anaweza kusema hataki na akasikilizwa? Waanzilishi wa kazi hii walihesabu ubora wa maisha kuwa tokeo lenyewe, si ziada. Mtoto aliyetulia kwa sababu hapelekwi tena mahali popote hajasaidiwa.

Kwa ngazi ya pili, swali langu la kwanza kwa shule yoyote ni muda: tangu mwalimu aombe msaada kwa ajili ya mtoto mpaka msaada uanze, siku ngapi zinapita? Mbinu inayotumika sana ni ya mtoto kukutana na mtu mzima mmoja asubuhi na jioni, akiwa na kadi ambayo walimu humwandikia alama kila kipindi. Lengo la kawaida ni kufikisha asilimia 80 ya alama. Ni mbinu rahisi, na uzuri wake ni kwamba inaweza kuanza ndani ya siku chache. Ikichukua miezi, kuna kamati inayoshikilia karatasi. Angalia pia kama mtoto huyo ni wa aina inayofaidika na kutazamwa. Anayefanya vurugu ili akwepe kusoma kwa sababu hajui kusoma hatasaidiwa na salamu za asubuhi pekee. Mpe somo la kusoma.

Mkuu Mstaafu

Nimeongoza shule muda mrefu na nasema kwa nia njema: mnawabebesha walimu mzigo. Vipengele 45, dodoso, grafu, safu za dakika. Nani atafundisha? Na mkiona matokeo mabaya mnafanya nini, mnafuta mpango?

Mleta mada

Shikamoo Mwalimu Mkuu. Mzigo ni kweli upo, kwa hiyo uwekwe pale tu unapozaa uamuzi. Kipimo ambacho hakuna kikao kitakachokitumia kiachwe. TFI kamati hujipimia kila baada ya vikao vitatu au vinne mpaka ifikishe asilimia 70 mara tatu mfululizo, kisha mara moja kwa mwaka inatosha, na unaweza kupima ngazi ya kwanza peke yake, vipengele 15. Daftari la kesi lipo tayari, linahitaji tu safu zake ziandikwe vizuri na mtu mmoja alete picha zile tano kila mwezi. Dodoso la wanafunzi mara moja au mbili kwa mwaka. Na kuna upande wa pili wa mizani: kila kesi inayopelekwa ofisini inakula muda wa mwalimu, wa mtoto na wa kiongozi. Ukiwauliza walimu wako wa zamu watakwambia muda huo ulikuwa unaenda wapi.

Kuhusu matokeo mabaya, hapo ndipo kupima utekelezaji kunapolipa. Mpango haukutekelezwa na matokeo ni mabaya: usiufute, kwa sababu hujaujaribu. Tafuta kilichozuia. Mara nyingi ni walimu kutoshirikishwa kuchagua matarajio, au kiongozi kutokuja kwenye vikao. Mpango ulitekelezwa na matokeo ni mabaya: hapa badilisha mpango kwa ujasiri, kwa kuanzia kwenye ule mlundikano wa mahali, saa na watoto. Haukutekelezwa lakini matokeo ni mazuri: hii ndiyo hali ya kuichunguza zaidi kuliko zote, kwa sababu ama kuna sababu nyingine kabisa, kama darasa gumu lililohitimu au mwalimu mpya hodari, ama tumerudi kwa Chaki Nyeupe na daftari lisiloandikwa. Ulitekelezwa na matokeo ni mazuri kwenye vyanzo zaidi ya kimoja: endeleeni, na muulize tu nani bado ameachwa nje. Kujenga mfumo huu mpaka ukakaa huhesabiwa kwa miaka mitatu hadi mitano, kwa hiyo anayetaka hukumu ya mwisho baada ya muhula mmoja anaharakisha.

Chaki Nyeupe

Mkuu, kwenye kikao kijacho nataka nipendekeze ule utembezi wa kuuliza. Tunaanzaje bila kuleta hofu kwa walimu?

Mleta mada

Muulizaji asiwe mwalimu wa nidhamu na asiwe mkuu wa shule. Anaweza kuwa mwalimu wa shule jirani, nanyi mkaenda kwao siku nyingine. Tangazeni kabla kwamba hakuna jina la mwalimu wala mtoto litakaloandikwa. Majibu yawekwe kwa jumla tu.

Kwa wanafunzi, chagueni kutoka kila darasa kwa kutumia orodha ya majina, asichague mwalimu. Maswali yawe machache na ya maneno ya kawaida. Shuleni kwenu mnatakiwa mfanye mambo gani? Nani aliwafundisha, na mlifundishiwa wapi? Mara ya mwisho mtu mzima kukwambia umefanya vizuri ilikuwa lini, na ulikuwa umefanya nini? Ukikosea, nini hutokea? Wapi hapa shuleni hupendi kupita, na kwa nini? Ukiwa na shida, unamwendea nani?

Kwa walimu ulizeni matatu: matarajio ni yapi, uliyafundisha lini, na kosa gani unalimaliza mwenyewe na lipi unalipeleka ofisini. Majibu ya swali la tatu yapangeni yote mezani mbele ya walimu wote, bila majina, kabla hamjafungua daftari la kesi.